Lisbon hadi Brussels, Saa Tatu Hazifiki

Jumatatu, 4 Agosti
Shifti ya asubuhi, nyumba ya wazee ya St Marys. Nimewanywesha chai wazee wa watu, nimewachana nywele. Mama yangu amelazwa Brussels na sijui nani anamchana. Kaka yangu Deo yuko Lisbon. Nimetafuta kwenye simu: Lisbon hadi Brussels, kilomita elfu moja na mia saba hivi. Kwa ndege, saa tatu hazifiki. Kutoka hapa Doonside, Sydney, ni siku nzima na zaidi, na kwa mimba hii ya miezi minane hakuna ndege itakayonikubali.
Deo haendi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimempigia Deo mpaka simu imepata moto. Anasema mama ndiye aliyemfukuza siku aliyomleta mke wake, basi mama ndiye amwite. Mama naye, nikimwomba kwa simu ya video amwite, anageukia ukuta. Vichwa vigumu wote wawili! Mungu anisamehe, leo nimemchukia kaka yangu kabisa.

Jumatano, 6 Agosti
Furaha, jirani wa mama kule Brussels, ameandika. Mama hali tena, hasemi tena. Figo zimegoma. Nimelia chooni kazini, meneja akanirudisha nyumbani. Kwenye treni nilifungua ramani nikapima ile miji miwili kwa vidole. Ujinga mtupu. Nilitaka kupiga kelele mbele za watu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimedanganya. Nimemwambia Deo: mama amekuita, amekutaja jina. Akalia, mwanaume mzima. Amekata tiketi ya kesho asubuhi. Sijutii hata kidogo. Afike tu. Mama, ningoje, hapana, mngoje yeye.

Ijumaa, 8 Agosti
Saa kumi jioni kwetu, asubuhi kwao, ndege ya Deo imepaa. Niliifuata kwenye simu, kandege ka njano kanatambaa juu ya bahari. Kalikuwa kazito mno. Nilikatukana.
Kalipofika Ufaransa nikasikia gari nje. Mama Pasta na akina mama wa kanisa, wote kutoka mtaa wa Granville, na masufuria mikononi. Hakuna aliyepiga simu kwanza. Sydney hii nani anakuja kwako bila kupiga simu? Kwetu msiba hauambiwi mtu akiwa peke yake. Wanatumwa watu wakukalie kwanza, ndipo waseme. Furaha alikuwa amewapigia wao.
Niliwazuia mlangoni. Nikasema, msiseme bado, Deo yuko hewani. Mama Pasta akanishika mkono, akaniingiza ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Hakusema neno. Nililia hivyo hivyo.
Deo aliposhuka alinipigia mbiombio, anahema, akauliza chumba cha mama. Nikamwambia apite kwanza kwa Furaha, ale kitu. Hakuuliza chumba tena. Naye ni mtoto wa kwetu.

Jumapili, 10 Agosti
Akina mama bado wanapokezana jikoni. Nimekula uji. Mtoto anacheza tumboni.
Deo amepiga. Sauti yake imekauka. Hakulaumu mtu. Aliuliza kitu kimoja tu, mama alimwita kwa sauti ya namna gani.
Nikamwambia ya kawaida. Ile ya kutuita tuje kula.