Kwa Fundi Bienvenu, Baada ya Kuondoa Matanga Yako

Mwaka umezunguka, Bienvenu, na shati la Mchungaji Jean-Baptiste bado liko chini ya sindano ya cherehani yako, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado. Mwenyewe hataki limaliziwe na fundi mwingine. Anasema siku moja atalivaa hivyo hivyo na koti juu yake, na sisi kwa jua la Dzaleka, kambi yetu hii ya wakimbizi Malawi, tunamwonea huruma kweli.

Eh, fundi, ulikuwa na mambo yako! Hukuweza kumsalimia mtu bila kumpima mabega kwa macho. Kanisani ulikuwa unanyoosha mkono katikati ya sala kumtoa uzi mgeni aliyekaa mbele yako, mgeni anashtuka, anageuka, na wewe umeshafumba macho kana kwamba Roho amekushukia. Uliimba vibaya, leo tuseme ukweli, lakini kwaya ilikuvumilia kwa sababu sare zake ulizishona wewe. Nsima, ugali wa huku, ulikula miaka yote hii ukilalamika kwamba haifikii bugali ya muhogo ya kwetu Bukavu, na sahani ulikuwa unairudisha safi kabisa.

Lakini leo tunataka kukupa habari za mke wako Louise. Mwaka huu umempitia yeye kuliko sisi sote.

Siku ya mazishi, alipokuwa amesimama karibu na kaburi, alisikia mtu nyuma yake akisema kwa sauti ya chini, "Pombe njo ilimumaliza." Hakugeuka. Alijua ini lako lilikuwa limeharibika tangu zamani, kabla hujaacha. Nesi aliwaambia nyinyi wawili waziwazi, bila kuwaficha. Alijua pia jinsi ulivyokufa, na kichwa chako kizima, bila pombe, ukiuliza kama binti yenu Bora amekula. Ila angemwambia nani mambo hayo pale, udongo ukiwa unaanguka? Alikaa nayo rohoni mwaka mzima, na maneno yale yalimuuma kila alipovaa nguo yake nyeusi.

Unakumbuka ulivyoacha mara ya kwanza? Ulitoka kwa muuza kachasu, ile pombe kali ya huku, ukavunja chupa mlangoni, ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Imeisha! Kuanzia leo!" Sisi tukashangilia. Louise alipika wali. Kesho yake mikono ilianza kukutetemeka ukashindwa kutia uzi kwenye tundu la sindano, wewe uliyekuwa unatia ukiwa unapiga stori. Jasho likakuloanisha. Ikafika siku ukawa unaokota siafu kwenye shuka, siafu ambao hatukuwaona, na unamlilia Louise amtoe Bora ndani asiumwe. Halafu ukaanguka, ukakakamaa, meno yakabana.

Majirani walisema ni mapepo, na sisi, wenye vyeti vyetu vya shule, tukasema ni mapepo. Tukamwita Jean-Baptiste aje kukemea. Akaja na Biblia na watu wake wa maombi, akapiga magoti, akakutazama machoni, akaomba kwa ufupi kuliko siku zote. Akainuka.

"Amina. Sasa muniletee kabaza," alisema.

"Kabaza ya nini, Mchungaji?" Louise aliuliza. "Maombi haiyaisha."

"Mama Bora, Mungu ananisikia ata njiani. Huyu muntu anataka docteur."

Tukakufunga kwa kitenge mgongoni mwa mwendesha kabaza, ile teksi ya baiskeli, mpaka barabarani, kisha gari mpaka hospitali kule Likuni. Na kule ndiko Louise alikopata maneno aliyokuwa anayatafuta tangu siku ya arusi yenu. Nesi alikaa naye kwenye benchi akamweleza polepole: mwili wa mtu anayekunywa kila siku unajipanga upya ili uweze kuishi na pombe. Unaizoea, unaitegemea. Ukimnyima ghafla, mwili unachanganyikiwa. Unatetemeka, unaona visivyokuwepo, unaweza hata kufa. Si mapepo, wala si mtu mwenye moyo mbaya. Anayekunywa namna hiyo asiachishwe nyumbani kwa kufungiwa mlango. Aletwe, apewe dawa za kuutuliza mwili, aangaliwe. Louise alisema zikomo, asante ya huku, mara nyingi mpaka nesi akacheka. Ulipokuwa umelala pale na dripu mkononi, alikushika mguu akalia, maana miaka yote alidhani unaipenda chupa kuliko yeye.

Uliporudi ukawa mwalimu. Mtu yeyote aliyepita kwenye kibanda chako na harufu mdomoni ulimkalisha. Ulikuwa unakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka inanguruma, halafu unakamata gurudumu kwa mkono, ghafla, pu! Sindano inakatika.

"Umeona?" unamwambia. "Mwili ilikuwa inakimbia hivi. We unaishika gafula, kuna kitu inavunjika. Twende nikusindikize hospitali, batakusimamisha polepole."

Kila mlevi wa mtaa wetu alitugharimu sindano, Bienvenu. Louise alikugombeza mpaka akachoka, halafu tukamkuta siku moja anazinunua sokoni kwa pakiti.

Na hatutajifanya kwamba hukuanguka. Ulianguka, kwenye arusi moja kule Nathenje, wakati wa kupongezana. Kila mtu alikuwa anakuwekea glasi mkononi. Ulirudi nyumbani ukasimama mlangoni, hukuingia, ukamwambia Louise mwenyewe kabla hajakunusa, "Mama Bora, nimeanguka. Lakini sitaki kulala hapo chini." Alikufungulia. Asubuhi mlikuwa njiani kwenda Likuni, na yeye ndiye aliyebeba mfuko. Tangu siku ile hukuonja tena mpaka ulipofariki. Hiyo ndiyo miaka ambayo Louise anaiita ndoa yake.

Sasa tukuambie habari za mdogo wako Aristote, kwani hizi hujazisikia.

Ulipoondoka, Aristote alikuwa Kauma, anafanya vibarua na kumsaidia mjomba wetu Byamungu dukani. Alianza kunywa wiki ya mazishi, akisema analilia yaya yake, yaani wewe kaka yake. Matanga yakaisha kwa wengine, kwake yeye hayakuisha. Alipokuja kututembelea Louise alimpa kikombe cha chai, akaona chai inamwagika kwenye sahani, akaona vidole vyake. Hakumwuliza chochote. Alikwenda ndani, akavaa viatu, akarudi.

"Shemeji, twende."

"Wapi?"

"We unajua wapi. Mi najua hii njia, nimeipita mara mbili."

Alikaa kando ya kitanda chake kama alivyokaa kando ya chako. Safari hii hakuna aliyetaja mapepo. Aristote alitetemeka, alitukana, aliomba apewe kidogo tu, tone, akamwita Louise mchawi, na Louise akamfuta jasho akamwambia, "Ndiyo, mchawi. Kunywa maji." Alipotoka alikuja kukaa kwetu, mwembamba, anasinzia mchana, anakasirika kwa jambo dogo, lakini kikombe cha chai kinatulia mkononi.

Na hapo ndipo siku ya kuondoa matanga yako ilipotufikia.

Unaijua desturi ya ukoo wetu, wewe mwenyewe uliipitia alipokufa baba. Mdogo wa marehemu anavikwa koti lake, anapewa kikombe cha kwanza cha pombe, anakunywa mbele ya watu, ndipo mjane anavuliwa nyeusi. Asipokunywa, wazee wanasema amemkataa kaka yake, na mjane anabaki na matanga yake mwilini. Mjomba Byamungu alifika kutoka Kauma na kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi ya kwetu, aliyoitafuta Lilongwe nzima. Alikipakata njia yote kama mtoto, maskini, kwa kukupenda.

Louise alimkalisha, akampa chakula, akasubiri ale ashibe.

"Mujomba, tusamehe. Pombe haitaingia hapa. Aristote ametoka tu hospitali."

"Mama Bora, matanga inaondolewa na Fanta? Bantu batatucheka! Ni kikombe moja tu. Kikombe moja inaua nani?"

"Ya kwanza njo inamuua. Ya pili inamukuta ameshakufa."

"We unataka kubaki na nyeusi?"

"Nitabaki nayo mpaka munizike nayo," Louise alisema. "Lakini sitavuliwa nguo kwa kumuzamisha mutoto ya mama mukwe wangu."

Mjomba alikasirika vibaya, tukajua tu kwa namna alivyokuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Dada yako Fortunée alijaribu kumbembeleza, akaambulia kuulizwa kama wanawake wa Malawi ndio waliomfundisha kuwakatalia wazee. Louise siku hizo hakulala vizuri. Alikuwa anafikiri hivi: nikishinda, nimewavunjia wazee heshima mbele ya kaburi la mume wangu, nikishindwa, namrudisha Aristote kwenye siafu. Na mtu yule wa mazishini atapata tena la kusema.

Jumamosi watu wakajaa uani. Jean-Baptiste aliomba, kwaya ikaimba, koti lako la kijivu likatolewa, Aristote akavikwa. Lilimpwaya mabega, ungekuwepo ungeshatoa pini. Mjomba akasimama. Alikuwa amekubaliana na sisi kwamba hapatakuwa na pombe, au sisi tulidhani amekubali. Akainama chini ya kiti chake, akatoa kidumu, akamimina kikombe kikajaa, akamnyooshea Aristote mbele ya watu wote.

Louise alikuwa upande wa pili, amekaa mkekani na wajane wenzake. Alitaka kuinuka, miguu ikakataa. Aliona mkono wa Aristote ukitoka kwenye ile mikono mirefu ya koti.

"Mutoto, pokea," Mjomba alisema kwa upole kabisa. "Ama hautaki kitu ya yaya yako?"

Aristote alikitazama kile kikombe.

"Nataka, Mujomba," alisema. "Nataka kuliko bantu bote banakaa hapa. Njo maana usinipe."

Tumehudhuria matanga mengi, Bienvenu, hatujawahi kusikia mtu akisema vile. Wanaoacha huwa wanajisifu kwamba hawaitaki tena. Mjomba alibaki ameshika kikombe hewani, na tukaona uso wake unabadilika polepole, kwa sababu huyu Aristote ni yeye aliyemlea dukani kwake, na alikuwa hajaelewa mpaka pale kwamba kijana hakuwa anamdharau. Alikuwa anamwomba msaada.

Lakini kikombe kimeshamiminwa, na mzee akiwa amesimama mbele ya watu na kikombe kilichojaa, atakipeleka wapi? Mjomba akageuka huku na huku. Akamtazama mchungaji, mchungaji akatazama mawingu. Mwisho akapata wazo. Akasogea penye picha yako tuliyoiweka mezani, akainamisha kikombe juu ya udongo, akasema kwa sauti nzito, "Basi, tumupe mwenyewe. Bienvenu, pokea yako, mutoto ya dada yangu..."

Hapo ndipo miguu ya Louise ilipokubali.

"Mujomba, acha!" alipiga kelele akiwa ameshafika katikati ya uwanja, kilemba kimeanguka. "Acha, usimumwagie! Ule naye aliacha!"

Mjomba akasimama ameinama vilevile, kikombe kimelala nusu. Alitazama picha yako. Akamtazama Louise. Halafu mabega yakaanza kumcheza, tukadhani analia, kumbe anacheka, na akicheka machozi yanamtoka, akasema, "Kumbe! Kumbe nilitaka kumurudisha!" Uwanja mzima ukapasuka, kwaya, wajane, hata Aristote ndani ya koti lako, na Louise akawa anacheka na kulia pamoja, amemshika mzee mkono usije ukainama tena.

Kasiksi ilirudishwa kwenye kidumu bila tone kuanguka. Mjomba hakumngoja mtu mwingine. Alimvua Louise ile nyeusi mwenyewe kwa mikono yake ya kizee, na alipomaliza akatangaza kwa watu wote, pamoja na yule aliyesema yale mazishini, popote alipokuwa amekaa: "Mutoto wetu alikufa muzima. Muandike hivyo."

Tumeandika.

Mke wako Louise, aliyevaa kitenge cha njano leo kwenda kanisani. Watoto wako: Bora, anayekanyaga cherehani siku hizi lakini hajathubutu kuligusa shati la mchungaji, na Eliezer, ambaye hakukuona umelewa hata siku moja ya maisha yake. Dada yako Fortunée. Mdogo wako Aristote, bado anaitaka, bado hajainywa. Mjomba wako Byamungu wa Kauma. Wote wa Dzaleka na Lilongwe uliowapima mabega.

Hatutakusahau, Bienvenu, maadamu tuko.