Mtoto wa Kufunua Kurasa

Kwa wifi yangu mwandishi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi tupo. Mdogo anaota meno, kwa hiyo kulala hakuna, na kaka yako mgongo umemwachia kidogo.

Watu bado wanakusifu kwa kuja kutusomea maktabani. Kitabu chako ni kizuri, nasema kweli. Nyumba moja inakaribisha kila mnyama, hata fisi! Watoto waliitikia "Sogea, nafasi ipo!" mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Unajua pale kwetu mtoto mmoja hukaa kando ya msomaji amfunulie kurasa. Safari hii zamu ilikuwa ya binti yetu, na alijizoeza wiki nzima kwa gazeti kuukuu. Mpigapicha alipoinua kamera, ukamwinamia: "Mwanangu, rudi kwa mama. Hilo kovu la moto litaharibu picha." Kisha ukamwita mtoto wa jirani, "Njoo wewe, mrembo." Nilikuwa nyuma yako nimempakata mdogo, wifi. Nilisikia yote.

Jana alikuwa anamsomea mdogo wake kitabu chako. Alipofika kwa fisi akaniuliza, "Mama, huyu walimkaribisha kwa sababu hana kovu?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Umeomba kufikia kwetu mwezi ujao. Hapana. Kaka yako amenuna, na anune. Ukipata jibu la swali lile, njoo umwambie mtoto mwenyewe, huku unamtazama usoni.

Ni mimi,
mke wa kaka yako