Siku Uliyocheza Bila Kuona

Kaka Osmund,

Tangu tukuzike kwenu Maposeni, Songea imebadilika. Mambo yamekuwa ruksa kweli. Meza za pool zimefika hadi sokoni, na vijana wanacheza asubuhi kweupe. Ile meza yetu ya kwanza, tuliyoisukuma wenyewe kutoka kwenye lori la Dar hadi ndani ya baa, imechanika kitambaa. Bado nacheza hapo.

Nakuandikia kwa sababu juzi, nikiwa mezani, nilishindwa kuona mpira. Mpira ulikuwa upande wa mbali. Niliona ukungu tu. Ndipo nikaelewa, kaka, ulichokifanya siku ile ya fainali ya pool pale baani.

Macho yako yalikuwa yamekwisha. Nilijua mimi peke yangu, niliyekuwa nikikushika mkono kuvuka barabara. Na huo mkono ulitetemeka hata chai ikamwagika. Halafu akaja yule kijana, bingwa wa Mbeya, anayepiga mipira mpaka ukuta unaitika. Nilikusihi ujitoe. Ukasema, "Nguvu zimekwenda, Kasto. Meza haijaenda."

Ukaizunguka polepole, ukiinamia kila mpira kwa karibu kama mtu anayejulia hali wagonjwa wodini. Watu wakacheka. "Babu kapoteza miwani!" Kumbe ulikuwa ukiipanga yote kichwani. Ukarudi kwenye mpira mweupe, ukangoja mkono utulie, ukaugusa. Kuugusa tu! Mpira ukaenda kujificha nyuma ya mipira yako, kijana akakosa pa kupiga. Akapiga kwa hasira, akaharibu. Ukagusa tena. Na tena. Vicheko vikaisha. Mpira mweusi, ule wa ushindi, ulitambaa, ukasita ukingoni, ukazama shimoni. Mwili ulinisisimka. Hata sasa hivi, naandika, unasisimka.

Kijana akakupa shikamoo, akauliza, "Mzee, ule wa mwisho uliuonaje?"

Ukajibu, "Sikuuona."

Mungu wangu! Nilikujua ukiwa na nguvu, mipira ikiruka hadi chini ya viti. Hukuwahi kucheza kama siku ile.

Jumamosi kuna mashindano Mbinga. Mama watoto anasema nibaki, goti hili halipandi basi. Nitakwenda, kaka. Nakuahidi, nitasimama na hao watoto wa jana mpaka wanitoe wao, miaka haitanitoa.

Pumzika, ndugu yangu. Udongo wa kwenu ukulaze vema.

Wako,
Kasto