Sauti ya Mama Namwinga

Jumatatu, 5 Machi 2012
Bado nashughulikia sauti ya Mama Namwinga. Tangu asubuhi. Mwenyewe amelazwa Mbeya, Alhamisi anapasuliwa goita. Daktari amemwambia sauti inaweza isirudi. Ndiyo maana wiki iliyopita alikuja studio kwangu. Wimbo mmoja tu, aliotunga mwenyewe, wa kubaki nao.

Nataka wimbo huu upite kazi zote nilizowahi kufanya hapa Tunduma. Nimenyoosha noti zilizoyumba. Nimeondoa ukwaruzo. Nimekata pumzi zote. Nimeongeza mwangwi. Inang'aa.

Jumanne, 6 Machi
Jana niliipenda. Leo inanichefua. "S" zilikuwa kali, nikazipunguza. Sasa mama wa watu ana kithembe. Nikazidisha mwangwi kuficha kithembe. Sauti ikazama, nikaibana ipande. Malori ya foleni ya mpakani yanapiga honi, masikio yamechoka, siwezi kuacha.

Mchana alipita Tumaini, binti yake, akienda kupanda basi la Mbeya. Nikampa hedifoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka Asheri, huyu anayeimba ni nani?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Jumatano, 7 Machi
Niliamua kuvua madoido yote nianze upya. Hakuna cha kuvua. Juzi kompyuta ilikuwa nzito, nikaigandisha sauti pamoja na madoido yake yote kuwa faili moja, nikahifadhi juu ya faili la mwanzo. Mimi mwenyewe. Nimepekua kila folda, kila flashi. Sauti yake haipo tena.

Kesho wanampasua.

Mjinga. Mjinga mkubwa.

Baadaye, ndani ya basi. Tumeshapita Vwawa. Nimeazima kinasa sauti kidogo, kile mchungaji anachorekodia mahubiri. Sijui kama wataniruhusu kuingia wodini. Sijui kama ataweza. Sijui nitamwambiaje.

Alhamisi, 8 Machi
Jana nilifika muda wa kuona wagonjwa ukikaribia kwisha. Nikampa shikamoo, nikamweleza ukweli wote. Nilitegemea alie. Tumaini ndiye aliyelia.

"Wanangu, nisogezeni pale dirishani," akasema mama.

Nikawasha kinasa. Aliimba mara moja tu, mkono shingoni. Mara mbili alikatika, akavuta pumzi, akaendelea. Muuguzi alisimama mlangoni, hakunifukuza.

Leo aliingizwa chumba cha upasuaji saa tatu. Sasa ni saa saba. Hakuna aliyetoka kutuambia neno. Tumaini amehamia benchi lingine. Ana haki. Kama hatatoka, mtu wa mwisho kumchosha ni mimi.

Jumapili, 11 Machi
Yuko hai. Haruhusiwi kuongea kwa sasa. Kama sauti itarudi, hakuna ajuaye.

Jana nyumbani nilifanya kazi ndogo sana. Nikapunguza mvumo wa wodi, nikainua maneno yaliyozama, nikaweka gitaa moja kwa mbali. Basi. Kuna noti inashuka pale mwishoni. Nilianza kuinyoosha. Nikarudisha ilivyokuwa, nikazima kompyuta, nikatoka nje.

Leo nimerudi wodini, nimemvalisha hedifoni, taratibu, nisiguse bandeji. Akafumba macho. Wimbo ukaisha, hajayafumbua. Tumaini akamshika bega.

Akaomba kalamu kwa ishara ya kidole. Akaandika neno moja: Rudia.

Nikarudia.