Kiti cha Shangazi

Baba, mwaka umetimia leo tangu ulipotuacha, na wenzangu wamenisukumia mimi kalamu. Wanasema kifungua mimba ndiye mwenye maneno. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kukutazama usoni.

Ulikuwa fundi wa sinema maisha yako yote ya kazi. Filamu ilipofika ndani ya kisanduku chake, wewe ndiye uliyeipakia kwenye mashine: picha, sauti, maandishi ya wasiosikia, na sauti ya msimulizi, ile inayomweleza asiyeona, kupitia hedifoni, kinachoendelea kwenye skrini. Hedifoni hizo ulizifuta kwa pindo la shati kabla ya kumkabidhi mtu. Mama alichoka kuyafua mashati yale.

Mteja wako mkubwa alikuwa dada yako, Shangazi yetu, ambaye haoni tangu utotoni. Kila filamu mpya ulimkalisha kiti cha pembeni, karibu na mlango. Siku moja ukasahau kupakia sauti ya msimulizi. Akakaa kimya mpaka taa zikawashwa, na ulipomuuliza akajibu, "Haina neno, kaka, nimefurahi." Kesho yake ulipogundua, ulisukuma sahani ukamwendea.

"Nimempa dada yangu hedifoni bubu!" ulisema.

Shangazi akacheka. "Ningekuita, ungepanda mbio ngazi zile za chumba cha mashine na goti lako bovu hilo?"

Tangu hapo, kabla ya kila onyesho ulikaa kwenye kiti chake, hedifoni masikioni, macho umefumba, ukisikiliza. Sisi tukakutania kwamba unalipwa kulala. Ulicheka pamoja nasi.

Hospitalini hukutuachia maneno mengi. "Shangazi yenu asikose sinema. Na akiwaambia haina neno, msimwamini." Tukaitikia wote kwa pamoja, kama watoto wa shule.

Hatukumpeleka, Baba. Mwanzoni ulikuwa msiba, zikaja kazi, mara mtoto wa huyu ana homa, mara gari la yule limeharibika. Alipouliza, mimi nikamwambia hakuna filamu mpya iliyoingia. Nikamwambia tena, na tena, mpaka ulimi ukazoea. Kila mara alijibu, "Haina neno, mwanangu." Nami nikashusha pumzi, nikaendelea na shughuli zangu.

Juzijuzi nilikutana dukani na yule mwenzako aliyeshika nafasi yako.

"Shangazi anaumwa?" akaniuliza. "Kila filamu ikiingia nampigia simu. Ananiambia watoto watamleta."

Kumbe Shangazi alijua. Kila nilipomdanganya alijua, na akanisitiri. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Jumamosi tulimpeleka. Kabla hajakaa, nilikaa mimi kwenye kiti chake, mwenzako akaniwashia kipande cha mwanzo, nikafumba macho kama wewe. Msimulizi akasema mwanamke anafungua dirisha na nje kunanyesha. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ile, Baba. Miaka yote uliyoihangaikia, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuomba aisikilize. Nikazifuta hedifoni kwa pindo la blauzi, nikampa.

Filamu ilipokwisha nikamuuliza, "Ilikuwaje, Shangazi?" Nikalisubiri lile jibu lake la "haina neno".

"Mbaya," akasema. "Msimulizi anaongea kama ana kiazi mdomoni. Kiti kimelegea. Na wewe umevuta kamasi hata nisiusikie mwisho. Halafu mwaka mzima mmeniweka ndani kama kabati. Baba yenu angewachapa."

Mama alimshika mkono tukatoka naye, akilalamika mpaka kwenye gari. Sijawahi kusikia malalamiko matamu kama yale.

Hatukuombi utusamehe. Wa kusamehe ni yeye, na bado hajasema kama ametusamehe, nasi hatumharakishi. Tunakuambia tu kwamba tumeona aibu, na kwamba kweli ulikuwa macho wakati sisi tulipodhani umelala.

Unakumbukwa na dada yako, aliyedai atajwe wa kwanza kwa kuwa tumezoea kumsahau. Na mkeo mpenzi. Na watoto wako watatu, wakwe zako na wajukuu. Na wenzako wote wa chumba cha mashine.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Filamu nyingine inaingia Ijumaa. Safari hii tumemwambia sisi.