Maharage ya Kuokea Pai

4 Machi

Kwako mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Shemeji na wajukuu wazima? Mimi nipo, ila ni wa kuinuliwa na kulazwa. Siku hizi daktari anazungumza nami kwa upole mno, na upole huo ndio unaonitisha.

Jana binti anayenitunza alioka ile pai ya nanasi ya mama, nikimwelekeza kitini. Alipomimina maharage makavu ndani ya ganda bichi akacheka: “Bibi, hii pai au mboga?” Nikamweleza kuwa ni ya kukandamiza tu, ganda lisifure kabla ya kutiwa nanasi. Ilipoiva, nilishindwa kuila.

Unayakumbuka yale ya kopo la bluu, ambayo mama aliachiwa na bibi, yaliyookwa mpaka yakawa kama kokoto? Mimi ndiye niliyeyapoteza. Mlikuwa mmetoka, njaa ikanibana, nikayachemsha. Yakagoma kuiva, nikayamwaga jalalani. Kesho yake wakwe wanakuja kuniona, kopo tupu, na ndani hamna hata punje nyingine. Mama akaoka hivyohivyo. Ganda likafura, nanasi likamwagika, baba mkwe akauliza kama ile ni kofia. Mama aliponigeukia nikasema, “Muulize Chiriku, si ndiye anayechezea kila kitu?”

Ukafukuzwa jikoni mbele ya wageni. Mimi nikaolewa. Kisha nikaenda darasani kuwaadhibu watoto wa watu kwa kusema uongo.

Niwie radhi. Njoo, kama miguu inakuruhusu.

Dada yako


19 Machi

Shikamoo dada,

Pole na maradhi. Huku tu wazima; mimi na cherehani yangu tunapokezana kukohoa.

Nilijua. Siku ile nilirudi nikakuta unasugua sufuria kwa mchanga, wewe ambaye hata kijiko hukuwa unaosha. Nilinyamaza nikidhani utasema wageni wakiondoka. Halafu nikadhani utasema ukishaolewa. Ndipo nikatafuta kazi mbali.

Hilo la maharage limeshanitoka moyoni. Nieleze moja tu: mbona mama hakuniita, hata alipougua?

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Binti ananiandikia, mkono umegoma.

Mama alikuita. Alinunua maharage mapya, akawa anayaoka matupu ili yakauke vizuri. Akasema, “Haya ni ya Chiriku. Mwandikie aje, nadhani nilimwonea.” Nikamwambia nimeandika. Sikuandika. Niliogopa kwamba mkikaa pamoja jikoni, mazungumzo yatafika kwenye ile sufuria.

Kila tarishi akipita, mama aliuliza, “Hajajibu?” Nami nikasema, “Bado ana hasira.” Alikufa akiamini umemkataa.

Nilipokuandikia mara ya kwanza nilikuungamia lile dogo, nikitumaini litatosha.

Kopo, pamoja na maharage hayo ya mama, liko chini ya kitanda changu. Kama huwezi kunisamehe, usinisamehe. Lakini njoo ulichukue mkononi mwangu.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Sijui nikuamkie vipi sasa.

Barua yako niliiweka kando ya cherehani, nikawa nashona huku nikiitazama. Majibu nilikuwa nayo tangu siku ile niliyoisoma: nakuja. Sikuyatuma. Nilitaka na wewe usubiri kidogo, uulize alivyouliza mama. Nikasema nitakwenda nikimaliza sare za shule, kisha nikapokea kazi nyingine.

Nimefika umeshazikwa. Binti ameniambia kwamba uliuliza. “Hajajibu?” Kila siku, mpaka sauti ilipokuishia, ukawa unauliza kwa macho.

Basi tumelingana, dada. Sikujua kulingana kunauma hivi.

Leo nimeoka pai jikoni kwako, kwa maharage ya mama. Binti alishika mlango wa oveni, akaniuliza kama baada ya kuoka maharage hayo huwa yanaliwa. Nikamwambia, “Dada yangu alijaribu.” Tukacheka, kisha mimi nikashindwa kunyamaza.

Ganda limekaa sawasawa, halikufura hata kidogo. Nimekula kipande changu nimesimama. Maharage nimeyarudisha koponi yangali moto, nikaketi kitandani pako, nikalipakata kopo mpaka likapoa.

Mdogo wako