Isale Ulilompelekea Mkuu wa Gereza

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na kifua chake je, kimetulia na baridi ya huko Nkoaranga? Mimi napumua tu. Barua hii anakuletea mwenzangu aliyemaliza kifungo, haijapita mikononi mwa askari, kwa hiyo nitasema yote.

Kesi niliyofungua dhidi ya gereza imekwisha. Unajua nilishtaki kwa nini. Selo letu hujaa maji machafu ya choo mpaka kwenye vifundo vya miguu, na tunalala humo humo. Yule mzee wa Oldonyo Sambu niliyelala kando yake, mguu ulimwoza hadi akafa, na askari waliziba pua wakicheka. Siku hizi wanasema hata mfungwa ana haki, katiba imesema. Na jaji alinisikiliza, Baba! Aliagiza nihamishiwe selo kavu, akapanga kuja kujionea mwenyewe.

Ndipo mkuu wa gereza akapanda kizimbani na jani la isale. Lako, lile ulilompelekea, na fundo lako juu yake. Akasema, "Baba yake alikuja kuniomba msamaha. Hata kwao wanajua ni mwongo."

Jaji ni mtu wa pwani, hakuelewa. Akanigeukia mimi.

"Kwenu jani hili hupelekwa na nani?"

Nilikuwa nimeapa kwa Biblia. Nikasema, "Na mkosaji."

Watu wakacheka, hata karani. Safari ya jaji ikafutwa, kesi ikatupwa.

Najua ulitaka wasinipige. Lakini mbona hukuniuliza, Baba? Ungeniuliza tu! Nimekukasirikia mpaka nikalia.

Yule bwana ni wa huku huku mlimani. Anajua fika kwamba isale halikataliwi, na aliyelipokea amesamehe. Alilipokea kwa mikono miwili, si ndiyo? Basi jioni ile ile alinirudisha selo la maji, pale pale alipolala marehemu. "Si umeshasamehewa?" akaniambia. "Lala." Sasa nina kidonda kisiginoni, na kimeanza kunuka.

Nisalimie dada anayewatunzia migomba, na shemeji fundi. Mwinjilisti aniombee, ila asiombe niwasamehe hawa watu.

Nikifia humu, mkuu wa gereza atapanda huko nyumbani na isale mkononi. Mila anazijua, atakuja. Baba, nakusihi, usilipokee.

Ni mimi mwanao,
Elirehema